Sekunde Kumi na Moja za Mwisho

Hebu mwone akija. Njia ni ile inayoteremka kutoka shule ya msingi hadi kwenye banda la kupimia majani, upande wa Sosiot, na saa ni tisa alasiri, mvua imenyesha ikakatika. Anayekuja ni mama mfupi wa miaka hamsini na miwili. Kikapu mgongoni kimejaa hadi usawa wa kisogo, aproni ya plastiki bado inachuruzika maji, na gamboti za mumewe zinampwaya zikilia kwap, kwap, kwap. Hana haraka. Akikutana na mtu anasimama, anasalimia mpaka salamu ziishe zenyewe, ndipo anaendelea.

Jina lake ni Janeffer, lakini hakuna anayemwita hivyo isipokuwa mumewe Kepher, na hata yeye ni siku ambayo chakula kimechelewa. Wote wanamwita Mama Oyaro. Alikuja huku kutoka upande wa ziwa miaka ishirini na saba iliyopita, Kepher alipopata kazi ya kulisha boila kuni katika kiwanda cha chai. Walianza na chumba kimoja cha kupanga, wakazaa, wakajibana, mwishowe wakapata kipande cha ardhi kinachotosha nyumba, ng'ombe mmoja na mistari kumi na minne ya chai. Kikipsigis anakielewa chote. Akikizungumza watu wanacheka, kwa hiyo akazoea kusikiliza, na mtu anayesikiliza hakosi watu wa kukaa karibu naye.

Alhamisi hiyo lori la kiwanda lilikuwa limechelewa. Lori likichelewa pale bandani hakuna la kufanya ila kuyageuza majani yasishike joto, kukaa kwenye ukuta mfupi, na kubishana. Na wiki zile ubishi ulikuwa mmoja tu: mwisho wa *Aliyezikwa Jumanne*.

Kama wewe si wa huku pengine hujaiona, kwa hivyo nikupe kwa ufupi. Ni filamu iliyotengenezwa miaka minane iliyopita na kijana mmoja wa Kapsoit anayeitwa Kiplimo, kwa kamera moja na waigizaji wa kijijini. Haikuonyeshwa kwenye televisheni yoyote. Ilipita kwa DVD, ikapita kwa simu, mtu akimpa mtu, mpaka leo huku hukosi mtu anayeweza kukutajia maneno yake kwa mpangilio. Mke kijana anaugua, anakufa, anazikwa siku ya Jumanne akiwa na sweta yake nyekundu aliyoipenda. Mume analia, mwaka unapita, anaoa tena. Mke mpya anammiminia chai, mume anacheka kwa mara ya kwanza. Unadhani imeisha, unaanza kutafuta viatu. Mara hii hapa: shamba la chai lililopogolewa, vijiti vitupu, mwamba chini ya picha, ukungu, na mwanamke mwenye sweta nyekundu amesimama amekupa mgongo. Anageuka nusu. Uso hauonekani vizuri, ana kitambaa kichwani. Anainua mkono, kiganja kikitazama chini, anaushusha mara mbili. Giza. Majina yanaanza kupanda. Ni sekunde kumi na moja tu, Mwalimu Jackton alizipima kwa saa, na hakuna anayekueleza chochote.

"Aliyekufa amekufa, kwisha," Benard alikuwa akisema Mama Oyaro alipotua kikapu. Benard ni mtu wa boda asubuhi na mleta majani ya mamake jioni, na hajawahi kushindwa kwa ubishi kwa sababu hanyamazi. "Yule ni mzimu. Amekuja kumwambia bwana yake, nimekuona ukicheka."

"Mzimu gani anasikia baridi mpaka anavaa sweta?" aliuliza Joan, karani wa mizani, bila kuinua macho kwenye kitabu chake. "Yule hakufa. Walizika sanduku tupu. Angalia tena pale kaburini, wanaume wawili tu wamebeba na hata hawapumui vibaya."

"Nyinyi mnatazama filamu kama mnatazama mpira," alisema Mwalimu Jackton. "Ile ni ndoto ya mume. Chai iliyokatwa ni moyo wake. Umekatwa, umebaki vijiti."

"Mwalimu, moyo una vijiti?"

"Ni mfano, Benard."

"Basi huo mfano mbolea yake ni gani?"

Watu walicheka, na Mama Oyaro akacheka nao, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Kisha wakafika kwenye mkono, kwa sababu kila mara walifika kwenye mkono. Joan aliweka kalamu chini akaonyesha: kiganja chini, vidole vinavuta. "Hivi ndivyo ninavyoita mtoto aje."

"Na hivi," Benard akafanya vilevile kabisa, "ndivyo mamangu anavyofukuza kuku. Anaita ama anafukuza?"

"Chamge," sauti ilisema nyuma yao.

Joan alirudi kwenye kitabu chake. Aliyesalimia alikuwa Tecla, jirani wa Mama Oyaro, ukuta kwa ukuta, au tuseme ua wa miti kwa ua wa miti. Msichana aliyeigiza yule mke aliyezikwa ni binti yake wa kwanza, Chemutai. Zamani Tecla aliitwa Bot Chemutai, yaani mama yake Chemutai. Sasa hataki. Miaka saba sasa anaitwa Bot Kipruto, jina la mwanawe wa pili, na ukisahau anapita kama hajasikia.

"Endeleeni," Tecla alisema, akitua kikapu chake. "Nani alikuwa anafukuza kuku?"

Benard aliuficha mkono wake mgongoni.

"Mimi niwaambie jambo moja, halafu mnyamaze hata mwezi mmoja nipumzike," Tecla alisema. "Mwalimu, wewe umepogoa chai mara ngapi? Chai iliyokatwa si moyo wala si kifo. Chai ikikatwa ni mwezi wa sita, na mwezi wa tisa iko na majani tena. Lile shamba ni langu. Ule mwamba pale chini ni wangu, ndipo ninapoanika mahindi. Mume wangu Johana alilikata mwezi wa sita. Na Chemutai aliondoka kwangu mwezi wa nne, chai ikiwa inanifika hapa." Aligusa kifua. "Kwa hivyo baada ya kuondoka alirudi. Alisimama kwa chai ya mamake, akaangalia nyumba ya mamake, akanipungia mkono kama mtu anayefukuza mbwa, akaenda. Hiyo ndiyo maana ya filamu yenu. Haina mzimu."

Lori lilisikika mbali likipanda mlima.

"Na sasa amempigia babake simu," aliendelea kwa sauti ya chini, kama anayemwambia Mama Oyaro peke yake. "Miaka minane. Ati anakuja Jumapili, ana mtoto anataka tumwone. Nimemwambia Johana, afikie kwa huyo mpiga picha wake. Kwangu alishapita."

Lori likaingia, watu wakakimbilia mizani, na Mama Oyaro akabaki ameshika ukingo wa kikapu kama amesahau ni cha nini.

Sasa ngoja nikwambie alichokuwa nacho moyoni, maana bila hicho utamwona mama huyu mjinga bure.

Filamu ilipokuwa inapigwa, mwezi wa tatu wa mwaka ule, wale vijana walimpa Mama Oyaro kazi ya kuwafulia nguo. Wiki mbili nzima alifua. Siku ya kaburi aliletewa ile sweta nyekundu ikiwa udongo mtupu, akaifua mara tatu, akaianika. Hakuna aliyeirudia. Siku ile ile ya kaburi ndiyo vita vilipoanza nyumbani kwa Tecla. Kwao mtu haendi kulala kaburini akiwa hai, hata kwa mchezo. Tecla alipoambiwa kwamba binti yake amelala ndani ya shimo, udongo ukarushwa, watu wakalia, alitaka waitwe wazee wa kanisa wamwombee. Chemutai akacheka, akasema mama, ni kazi. Maneno yakapanda kwa wiki kadhaa, mpaka jioni moja ya mwezi wa nne Tecla akasema kwa sauti iliyovuka ua: "Mtu aliyezikwa hali kwangu!" Kesho yake msichana alikuwa hayupo.

Mwezi wa sita baridi ilishika. Johana alipogoa chai yote ya upande wa ua, matawi yakalala chini kati ya mistari. Sasa, watu wa kiwanda wanahubiri kila mkutano kwamba matawi yale yaachwe yaoze yalishe udongo, yasibebwe kuwa kuni. Johana naye alitangaza kwamba hataki kuona hata kijiti kimevuka. Lakini kuni za Mama Oyaro zilikuwa zimelowa, na hakuna kuni inayowaka vizuri kama tawi la mchai. Asubuhi moja, ukungu bado haujapanda, alivaa ile sweta nyekundu, akafunga kitambaa, akapenya ua.

Alikuwa amekusanya mzigo wa kutosha alipoona, chini kule karibu na mwamba, mtu amesimama na kitu cheusi chenye miguu mitatu. Mtu wa kiwanda, moyo wake ulisema. Amekuja na chombo chake kupima shamba. Akaangusha kuni. Akampa mgongo, kama mtu ambaye asipoona haonekani. Kisha akaona ni aibu, akageuka, mkono ukainuka wenyewe. Alikuwa anasalimia? Alikuwa anasema subiri nikueleze? Hajui mpaka leo. Alipenya ua akarudi kwake mikono mitupu. Jioni, wala usiniulize, alizifuata zile kuni.

Desemba filamu ikaonyeshwa kwenye ukumbi wa kanisa. Sekunde zile za mwisho watu walipiga kelele, na yeye akapiga kelele nao! Alishika mkono wa Kepher akasema, "Haki, amefufuka!" Ilichukua wiki mbili, siku moja akipuliza moto, ndipo akaketi chini ghafla. Je, kama ni mimi?

Kwanza hakusema kwa sababu ya kuni. Kisha Pasaka ikafika, Tecla akaitazama filamu kwa mara ya kwanza kwenye simu ya Kipruto, akalitambua shamba lake, akahesabu miezi, akafikia aliyoyafikia. Mama Oyaro aliona uso wa jirani yake siku hiyo, akasema nitamwambia kesho. Kesho ng'ombe akazaa. Keshokutwa kukawa na mazishi. Miaka nayo huenda hivyohivyo.

Na kuna jambo lingine, usimhukumu upesi. Hakuwa na uhakika. Kila alipoitazama, mara aliona ni yeye, mara aliona ni mtu mwingine kabisa. Nani kati yetu amewahi kujiona kwa nyuma?

Ijumaa Kepher alitoka zamu ya asubuhi, akala, na Mama Oyaro akamweleza yote tangu mwanzo, kwa mara ya kwanza. Kepher alisikiliza, kijiti cha meno mdomoni.

"Kwa hivyo wewe ndiye mzimu wa Sosiot," alisema mwishowe. "Na mimi nimelala na wewe miaka yote hii bila hata maombi."

"Kepher, sicheki."

"Leta simu."

Walikaa mlangoni penye mwanga, wakaitazama. Wakairudisha. Wakaitazama tena.

"Si wewe," Kepher alisema. "Huyu ni mrefu."

"Yuko mlimani. Mtu akiwa mlimani anaonekana mrefu."

"Rudisha. Aah. Hilo bega ni lako, la kushoto, linaanguka kidogo."

"Bega la kila mtu anayebeba kikapu linaanguka."

"Basi geuka nikuone." Mama Oyaro alisimama akampa mgongo, pale uani, kuku wakitazama. "Inua mkono. Shusha. Polepole, wewe si trafiki! Hebu vaa kitambaa." Akavaa. Kepher aliangalia simu, akaangalia mke, akaangalia simu. Alitoa kijiti cha meno. "Janeffer," alisema, na hakuwa amekasirika, "miaka thelathini nimeoa huu mgongo na siwezi kuapa."

"Sweta ingekuwepo tungelinganisha."

"Ilienda wapi?"

"Ilizeeka. Ikawa kitambaa cha kushikia sufuria, kisha panya wakamaliza."

Kepher alifikiri. "Muulize mwenye filamu. Lazima yeye anajua alimpiga nani."

Lilikuwa neno la maana, na Mama Oyaro alishangaa kwamba miaka minane hakulifikiria. Jumamosi asubuhi alikuwa Kapsoit.

Kiplimo sasa ana duka dogo la kupiga picha za vitambulisho na kuhariri video za harusi. Amenenepa kidogo, ndevu zimeota. Alipomtambua aliyemfulia nguo alitoka nyuma ya meza, akamshika mikono yote miwili, akamwagizia chai na mandazi. Mama Oyaro hakuzunguka. Aliuliza: yule mwanamke wa mwisho ni nani?

Kiplimo alicheka kicheko cha mtu aliyeulizwa hivyo mara elfu. "Huwa nawaambia kila mtazamaji aelewe kwa njia yake."

"Mimi si mtazamaji, mwanangu. Mimi huenda ndiye."

Kicheko kikaisha. Alimsikiliza mpaka mwisho, mambo ya kuni na yote. Kisha akakuna ndevu.

"Mama, nitakwambia kitu sijamwambia mtu. Sikuwepo. Nilimtuma jamaa mmoja wa Kaplong aniletee picha za chai iliyokatwa, basi, nilitaka kuiweka mahali mume analia. Alikaa siku mbili huko kwenu. Nilipofungua kadi ya kamera nikamkuta huyo mwanamke, nikasema, Mungu wangu, huu ndio mwisho. Nikamuuliza jamaa ni nani, akasema ni mama mmoja tu alikuwa anapita. Mara ya pili nikamuuliza, akasema si ni yule msichana wako. Siku hizi hata namba yake haipatikani."

"Yule msichana wako ni Chemutai?"

"Ndiyo sasa." Kiplimo alisogeza kikombe chake. "Alikuja wiki hiyo. Upepo ulikuwa umeharibu sauti yake kwenye filamu, nikamwita arudie maneno. Alilala hapa kwa dadangu. Asubuhi moja akaniambia anataka kupita kwao, akapanda boda kwenda upande wa Sosiot. Akarudi mchana, viatu vyote udongo, hakusema kitu. Nilimuuliza umewasalimia? Akaniambia tuendelee na kazi. Akarudia maneno yote vizuri, hata yale ya kufa. Jioni akaondoka."

Mama Oyaro aliweka andazi chini. "Alikuwa amevaa nini?"

"Sikumbuki. Aki sikumbuki."

"Sweta ilikuwa kwangu, Kiplimo. Niliifua mimi."

"Ipi? Zilikuwa mbili. Moja ya kuvaa siku zote, na moja ya kaburini, kwa sababu tulijua itaharibika kwa udongo. Zilifanana kabisa. Wewe ulifua ya kaburini. Ile nyingine..." Alifungua mikono mitupu. "Nadhani Chemutai alienda nayo. Ama ilibaki. Sijui, mama. Mimi ndiye nimetengeneza hii filamu na sijui."

Mama Oyaro alikuwa amekwenda kutafuta jibu moja, na alikuwa anarudi na matatu yanayogombana. Huenda ni yeye. Huenda ni Chemutai. Na hata kama ni yeye, Chemutai alikuja kweli, alifika mahali fulani penye udongo, akageuka bila kubisha hodi. Kwa hiyo Tecla amekosea picha na kupatia habari? Ama amepatia vyote? Ama msichana alifika langoni, akasikia tena ile sauti iliyovuka ua, miguu ikakataa? Hilo nalo si kumgeuka mtu. Au ni kumgeuka? Njia nzima ya kurudi aliyapanga, yakapanguka.

Alijua jambo moja tu. Kesho ni Jumapili, na kuna mtu anakuja na mtoto mkononi kwenye mlango uliofungwa.

Alimkuta Tecla jikoni, anachambua maharagwe kwenye ungo. Alikaribishwa kigoda. Walizungumza habari za mvua, kisha habari za ng'ombe wa Mama Oyaro aliyekataa kula, ndipo Mama Oyaro akayatoa ya moyoni. Alianza na kuni. Alianza na kuni kwa sababu ndilo jambo pekee alilokuwa na hakika nalo.

"Bot Kipruto, mwaka ule mliokata chai, mimi niliiba kuni zenu."

Tecla hakuinua macho. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Moshi wako ulikuwa unanuka mchai wiki mbili. Johana alitaka kuja kuuliza, nikamwambia mwache, ana watoto wanapika na kuni mbichi." Alitupa haragwe bovu kwa kuku. "Ndiyo umekuja na uso wa mazishi? Kwa kuni?"

"Siyo kuni. Ni nilivyovaa." Mama Oyaro alishika magoti yake. "Nilikuwa na ile sweta ya filamu. Niliifua, haikuchukuliwa. Asubuhi nilipokuwa naokota, kulikuwa na mtu na chombo pale kwa mwamba wako. Nikadhani ni mtu wa kiwanda. Niligeuka. Niliinua mkono."

Ungo ulisimama.

Mama Oyaro aliona kitu kikipita kwenye uso wa jirani yake, kama mtu aliyebeba mzigo kwa muda mrefu mpaka amesahau kwamba unaweza kutuliwa. Tecla alipocheka kilikuwa kicheko kibaya, kilichotokea puani.

"Wewe?" alisema. "Wewe, na hiyo miguu yako mifupi, ndiye umenilaza macho miaka saba?"

"Nisamehe."

"Nyamaza kwanza." Aliweka ungo chini, maharagwe mazuri yakamwagika, hakuyaokota. Alisimama, akaketi, akasimama tena. "Johana! Johana, uko wapi? Njoo umpigie huyo mtoto simu. Mwambie..." Akakatiza. Kutoka zizini Johana aliuliza amwambie nini. Tecla alikuwa amerudi kusimama mbele ya kigoda, amemwinamia Mama Oyaro, na sauti yake ilikuwa imeshuka ikawa ya mtu anayeogopa kuamsha kitu.

"Subiri. Nikimpigia, nataka nimpigie nikiwa na moyo mmoja. Wewe si mtu wa uongo, hata kuni umeshindwa kuzificha. Niambie tu. Kwa hivyo mtoto wangu hakuwahi kuja hapa akanipita? Mwaka ule wote, hakufika?"

Johana alikuwa ameshafika mlangoni, simu mkononi, kidole juu ya namba. Mama Oyaro aliwatazama wote wawili. Akisema hakufika, kesho mlango uko wazi, na siku yoyote Chemutai mwenyewe anaweza kusema, mama, nilikuja siku moja nikaogopa. Akisema alifika, amerudisha kile alichokiondoa sasa hivi, na pengine simu ile inarudi mfukoni. Akisema sijui, ambalo ndilo karibu zaidi na ukweli, nani aliyewahi kupiga simu kwa moyo mmoja kwa neno hilo?

Wewe uliyekaa nami mpaka hapa, na unayejua yote anayoyajua yeye, ungemjibu nini Tecla?